Mwanga Unapozaliwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Miundo ya Nano Inayotawala Utoaji wa Mwanga

Kwani mwanga unatawaliwaje? Si ukishatoka umetoka?

Ukishatoka umetoka, na kazi inayobaki ni ya vioo na lenzi. Hapa tunazungumzia hatua ya nyuma yake: pale atomi, molekuli au chembe ya semikondakta imebeba nishati na inakaribia kuitua. Wengi tulifundishwa shuleni kwamba atomi iliyopandishwa nishati hushuka yenyewe kwa wakati wake, na kwamba wakati huo ni tabia ya atomi kama ulivyo uzito wake. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Itachukua muda gani kushuka, mwanga utaelekea upande gani, na hata kama utatoka au hautatoka, hayo huamuliwa pia na kilichoizunguka atomi. Ukiyagusa mazingira yake kwa vipimo vidogo vya kutosha, umeigusa taa yenyewe.

Mazingira yanaingiliaje jambo linalotokea ndani ya atomi?

Fikiria daladala imefika kituo cha mwisho na abiria wote wanataka kushuka. Ikiwa na mlango mmoja watachelewa. Ikiwa na mitatu wataisha mara moja. Abiria ni walewale na haraka yao ni ileile, kilichobadilika ni milango. Kwa atomi, milango ni mawimbi ya mwanga yanayoweza kuwepo mahali hapo: ya rangi ile, ya upande ule. Katika uwazi mtupu milango iko pande zote kwa usawa. Ukiizungushia atomi kuta zilizopangwa kwa vipimo vinavyokaribia urefu wa wimbi, mawimbi mengine yanakutana yakisaidiana na kupata nguvu, mengine yanakutana yakipingana na kufutana. Milango ya upande mmoja inaongezeka, ya upande mwingine inazibwa. Wanafizikia huiita hesabu ya milango hiyo msongamano wa hali.

Mfano wangu unaishia hapo, kwa sababu abiria wa daladala isiyo na mlango watatokea dirishani. Atomi isipopata hata njia moja ya rangi yake hubaki na mzigo wake, labda ipate namna ya kuugeuza kuwa joto.

Nano ni ndogo kiasi gani?

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa mtu una upana wa nanomita 80,000 hivi. Mwanga tunaouona una urefu wa wimbi kati ya nanomita 400, upande wa urujuani, na 700, upande wa nyekundu. Ndani ya semikondakta wimbi hilo hufupika mara mbili hadi tatu na nusu. Kwa hiyo tundu, nguzo au tabaka linalotaka kubishana na mwanga linapaswa kuwa la nanomita mia moja au mia mbili hivi.

Nani aliliona jambo hili kwanza?

Mwaka 1916 Einstein alitenganisha aina mbili za utoaji wa mwanga: wa kuchochewa, ambao baadaye ulizaa leza, na wa hiari, ambao atomi huufanya bila kusukumwa. Nadhani neno hilo "hiari" liliwapoteza wengi. Lilifanya ionekane kwamba atomi haimsikilizi mtu.

Mwaka 1946 Edward Purcell, Mmarekani aliyekuwa akichunguza usumaku wa viini vya atomi, alichapisha maelezo yasiyofika ukurasa mmoja. Alipiga hesabu kwamba kiini kikiachwa peke yake, kwenye mawimbi ya redio ya megahezi 10, kingehitaji sekunde zinazoandikwa kwa tarakimu 5 ikifuatwa na sufuri 21 ili kutua nishati yake kwa hiari. Umri wote wa ulimwengu haufiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya muda huo. Kisha akasema: changanya humo vijichembe vya metali vyenye upana wa mikromita 10 (mikromita moja ni nanomita 1,000), na muda utashuka hadi dakika. Dakika! Kiini hakikuongezwa kitu; alibadilishwa jirani. Ongezeko hilo la kasi leo linaitwa kipimo cha Purcell. Tuzo yake ya Nobel ya 1952 aliipata kwa kazi nyingine, ile iliyokuja kuzaa mashine za MRI.

Kwa mwanga unaoonekana, jibu lilitoka Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1960. Karl Drexhage alipanga juu ya kioo kinachoakisi mwanga tabaka za asidi ya mafuta, moja juu ya nyingine, kila moja ikiwa na unene wa nanomita mbili na ushee. Juu kabisa akaweka molekuli zenye europiamu, zinazotoa mwanga mwekundu. Alipobadilisha idadi ya tabaka, yaani umbali kati ya molekuli na kioo, muda wa molekuli kung'aa ulirefuka, ukafupika, ukarefuka tena. Kwangu mimi hili ndilo jaribio zuri kuliko yote katika uwanja huu, kwa jinsi lilivyojengwa kwa kioo, mafuta na kipima muda.

Mwaka 1983 kundi la Serge Haroche mjini Paris lilionyesha atomi za sodiamu zikitua nishati haraka zaidi ndani ya kichumba cha vioo. Haroche, mzaliwa wa Casablanca, Moroko, alishiriki Nobel ya Fizikia ya 2012. Halafu ukaja mwaka 1987, unaostahili swali lake.

Fuwele ya fotoni ni nini?

Fotoni ni chembe ya mwanga, na fuwele yake ni kitu chenye mpangilio unaojirudia, matundu na kuta, matundu na kuta, kwa umbali unaokaribia nusu ya urefu wa wimbi. Mwanga wa rangi fulani ukiingia humo hurudishwa nyuma kidogo na kila ukuta, na marejeo hayo yote yanaungana hadi hakuna wimbi la rangi hiyo linaloweza kusafiri ndani. Rangi zilizokatazwa huitwa pengo.

Mwaka 1987 makala mbili zilitoka katika jarida lilelile, Physical Review Letters, kwa tofauti ya wiki chache, na waandishi wake walikuwa na shida tofauti. Eli Yablonovitch alitaka kuuzima utoaji wa hiari kwa sababu ulikuwa ukila nishati ndani ya leza. Sajeev John alitaka kujua kama mwanga unaweza kukwama mahali pamoja usiende popote. Jibu la wote wawili lilikuwa muundo unaojirudia. Fuwele ya kwanza yenye pengo kamili, kazi ya Yablonovitch ya 1991, ilitobolewa kwa keekee na matundu yake yalikuwa ya milimita, maana ilikuwa ya mawimbi ya maikrowevu. Kuishusha hadi kwenye mwanga kulichukua miaka mingi zaidi: mwaka 2004 watafiti wa Uholanzi, wakitumia titania (oksidi ya titaniamu) yenye vitundu vilivyopangana kama mayai kwenye trei, walionyesha nukta za kwanta, yaani vijichembe vya semikondakta vinavyotoa mwanga, zikicheleweshwa au kuharakishwa kutegemea umbali kati ya kitundu na kitundu.

Nimesikia kuna kipepeo wa Afrika mwenye "LED" kwenye mabawa. Ni hadithi?

Si hadithi, ingawa neno LED limetiwa chumvi. Kipepeo mwenyewe ni *Papilio nireus*, mweusi mwenye mkanda wa buluu-kijani unaopita katikati ya mabawa. Anaruka katika misitu na bustani za sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, Kenya na Tanzania zikiwemo, na viwavi wake hula majani ya mimea ya jamii ya michungwa na milimau. Huenda umemfukuza utotoni.

Mwaka 2005 Peter Vukusic na Ian Hooper wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walieleza kinachotokea katika magamba ya ule mkanda. Ndani yake mna rangi inayomeza mwanga wa upande wa urujuani na kutoa mwanga wa buluu-kijani. Rangi kama hiyo peke yake ingeutupa mwanga wake pande zote, na mwingi ungebaki umenaswa ndani ya gamba na kupotelea pembeni. Lakini rangi imekaa ndani ya bamba lililojaa vitundu vya hewa vilivyosimama wima, vyembamba kuliko urefu wa wimbi: fuwele ya fotoni. Vitundu vinauzuia mwanga kukimbilia pembeni. Chini ya bamba kuna tabaka tatu zinazofanya kazi ya kioo, na mwanga ulioelekea chini unageuzwa kurudi juu.

Sasa mtazame fundi wa taa. Ana kitu kinachotoa mwanga, kimezama ndani ya bamba. Anatoboa vitundu juu, anaweka kioo cha tabaka chini. Ni mpangilio uleule, na wahandisi waliufikia bila kumtazama kipepeo. Tofauti moja kubwa ibaki wazi: kipepeo hana umeme wala nishati yake ya kuwaka. Anaupokea mwanga wa jua, anaubadilisha rangi na kuuelekeza. Ukimfungia chumba cha giza hawaki.

Balbu ya LED nyumbani kwangu inahusikaje?

Tatizo la kwanza la LED halikuwa kutengeneza mwanga. Lilikuwa kuutoa nje. Mzamiaji anayetazama juu kutoka chini ya maji huiona anga nzima imebanwa katika duara juu ya kichwa chake; nje ya duara hilo uso wa maji ni kioo, anaona sakafu ya bahari tu. Mwanga ndani ya kipande cha LED uko katika hali hiyohiyo, ila duara lake ni dogo zaidi. Galiamu naitraidi, msingi wa LED za buluu, hupinda mwanga kwa nguvu kiasi kwamba miale inatoka tu ikiwa imegonga uso ndani ya digrii 24 hivi kutoka wima. Ukipiga hesabu, uso mmoja laini unapitisha asilimia 4 tu ya mwanga wote. Kwa galiamu asenaidi, ya LED za zamani za infraredi (mwanga usioonekana, ulio ng'ambo ya nyekundu), ni asilimia 2. Miale mingine yote inazunguka ndani hadi inamezwa na kuwa joto.

Dawa ilikuwa kuuharibu ule ulaini. Uso ukikwaruzwa kwa kemikali, au kipande kikioteshwa juu ya bamba la yakuti samawi lenye vilima vilivyopangwa safu kwa safu, mwale uliokosa njia mara ya kwanza hugeuzwa pembe na kujaribu tena. LED za leo hutoa nje sehemu kubwa mno ya mwanga wake kwa njia hii. (Yakuti hiyo si kito cha sonara, ni oksidi ya aluminiamu iliyooteshwa kiwandani.)

Ila tusichanganye mambo. Vilima hivyo mara nyingi ni vya mikromita moja hadi tatu, na vinachofanya ni kuuchomoa mwanga uliokwisha kuzaliwa. Kasi ya kuzaliwa kwake haviigusi. Fuwele ya fotoni au kichumba kidogo hufanya yote mawili, lakini ni ghali zaidi kutengeneza. Kwa hiyo ukiona tangazo la balbu lenye neno "nano" kwa herufi kubwa, uliza kwanza inaokoa wati ngapi.

Kuharakisha utoaji wa mwanga kuna faida gani, kama idadi ya fotoni ni ileile?

Swali zuri, na ni la wahandisi wa mawasiliano. LED inayotoa fotoni zake kwa nanosekunde chache haiwezi kuwashwa na kuzimwa haraka kuliko hapo, hivyo haiwezi kubeba data nyingi. Ukiufupisha muda huo, umeipandisha kasi.

Faida ya pili ni ushindani. Kila chembe iliyobeba nishati ina njia mbili, mwanga au joto, na inayowahi ndiyo inayoshinda. Ukiiharakisha ya mwanga, ya joto inakosa nafasi.

Faida ya tatu ni ya kompyuta na usiri wa kwanta, ambako hutakiwi kutoa fotoni nyingi. Unatakiwa kutoa moja, kwa wakati unaoujua, kwenye njia unayoijua. Mfano wa njia ya kufika huko ni Jean-Michel Gérard na wenzake, Ufaransa, walioweka nukta za kwanta ndani ya nguzo nyembamba za semikondakta zenye tabaka zinazofanya kazi ya kioo juu na chini. Mwaka 1998 walipima kasi ikiongezeka mara tano.

Kanuni yenyewe inaweza kuandikwa kiganjani. Kasi inaongezeka kadiri kichumba kinavyoushika mwanga kwa muda mrefu, na kadiri ujazo wake unavyokuwa mdogo. Kichumba chenye ukubwa wa mchemraba mmoja wa urefu wa wimbi, kinachoushika mwanga kwa ubora wa 1,000 (ubora ni kipimo cha jinsi mwanga unavyokaa ndani kwa muda mrefu), kingeongeza kasi mara 76 hivi, kama chembe imekaa katikati hasa na rangi yake inalingana na kichumba sawasawa. Masharti hayo mawili ndiyo yanayowakesha watu maabara.

Antena za mwanga nazo? Zinafanana na ile ya TV juu ya paa?

Zinafanana hasa. Antena ile ya vijiti vilivyopangwa kama mifupa ya samaki ilibuniwa Japani mwaka 1926 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi. Vijiti vyake vina urefu unaokaribia nusu ya wimbi la TV, kijiti cha nyuma kinarudisha wimbi, vya mbele vinalivuta. Mwaka 2010 watafiti wa Barcelona walijenga antena hiyohiyo kwa vijiti vitano vya dhahabu, vidogo kiasi kwamba antena nzima haikufika mikromita moja au iliikaribia tu, wakabandika nukta za kwanta kwenye kijiti kimoja. Nukta ambazo zingetoa mwanga kila upande zikautoa upande mmoja. Ukweli kwamba mchoro wa paa la nyumba unafanya kazi kwa kipimo kidogo mara milioni bado hunifurahisha.

Kwa nini dhahabu na fedha, wakati metali humeza mwanga?

Kwa sababu elektroni za metali huyumba pamoja na wimbi na kulibana katika nafasi ndogo kuliko kitu kingine chochote kinavyoweza. Myumbo huo unaitwa plazmoni. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke waliweka vijimchemraba vya fedha juu ya utando wa dhahabu, kati yake wakaacha nafasi ya nanomita chache yenye molekuli za rangi, na utoaji wa hiari ukaenda kasi zaidi ya mara 1,000.

Bei yake ni ya umbali. Molekuli ikikaa mbali mno na metali haisikii kitu. Ikisogea karibu mno, nishati inaingia kwenye metali na kuishia joto, na taa yako inazimika. Mahali pazuri ni padogo sana, kati ya hapo na hapo. Ndiyo maana siku hizi wengi wanahamia kwenye vijiti vya silikoni na titania, ambavyo havibani mwanga kwa nguvu ile lakini pia haviuli.

Nukta za kwanta ni kitu kilekile?

Hapana. Nukta ya kwanta ndiyo inayotoa mwanga, na ukubwa wake huamua rangi: ndogo buluu, kubwa nyekundu. Muundo wa nano ni nyumba inamokaa. Nobel ya Kemia ya 2023, ya Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov, ilikuwa ya nukta.

Je, miundo hii inaongeza nishati?

Haiongezi hata chembe. Anayekuuzia kifaa kwa ahadi hiyo, mwache aende zake.

Inaweza kupoza nyumba? Paa letu la bati linatuua.

Swali hili linanihusu, na jibu lake liko ndani ya mada kuliko linavyoonekana. Kila kitu chenye joto hutoa mwanga. Wewe, ukuta, bati, vyote vinatoa infraredi usiku na mchana, nyingi yake ikiwa karibu na mikromita 10. Hewa ina dirisha kati ya mikromita 8 na 13: mwanga wa hapo hupenya angahewa na kwenda zake anga za mbali, kwenye baridi. Ndiyo maana baada ya usiku usio na mvua wala mawingu unakuta bati limelowa umande. Limetoa joto lake juu hadi likawa baridi kuliko hewa.

Mchana jua linafuta faida hiyo. Ila kitu kinachomeza vizuri rangi fulani ndicho kinachoitoa vizuri, na tabaka za nano zinaweza kuchagua rangi. Mwaka 2014 kundi la Shanhui Fan, Chuo Kikuu cha Stanford, lilipanga tabaka saba za oksidi ya hafniamu na ya silikoni juu ya fedha, unene wote mikromita 1.8. Bamba lilirudisha asilimia 97 ya mwanga wa jua na papo hapo likatoa infraredi kupitia lile dirisha. Likiwa juani, bila umeme, lilikuwa na baridi kuliko hewa iliyolizunguka kwa nyuzi 4.9 za Selsiasi.

Sasa upande wetu. Mvuke wa maji hulifunga dirisha hilo kiasi kikubwa. Kwa hiyo bamba lile lingefaa Turkana au Dodoma kuliko Mombasa na Tanga, ambako hewa imejaa unyevu karibu mwaka mzima. Kwa pwani, chokaa nyeupe na paa la makuti havijapata mshindani wa bei yake.

Kuna chochote cha haya kwenye simu yangu?

Kikubwa ni leza ndogo zinazotoa mwanga kwa juu, zenye vioo vya tabaka juu na chini, wazo la Kenichi Iga wa Tokyo la mwaka 1977. Baadhi ya simu zinazomtambua mwenyewe kwa uso hutumia safu za leza hizo. Kwenye skrini za OLED nako kila rangi hukaa ndani ya kichumba cha unene wake, na mwaka 2020 watafiti wa Samsung na Stanford walionyesha OLED zilizojengwa juu ya metali yenye vinundu vya nano, ambapo nafasi ya vinundu ndiyo iliyochagua rangi, kwa zaidi ya nukta 10,000 katika inchi moja.

Niko huku, sina maabara ya mamilioni. Naanzia wapi?

Kwa hesabu, anza na Meep, programu ya bure iliyotoka chuo cha MIT, Marekani, inayoendeshwa kwa Python. Kompyuta ya kawaida inatosha kuchora safu ya matundu na kuona pengo likitokea. Taasisi ya fizikia inayoshirikiana na ICTP (kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia) mjini Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, hupokea wanafunzi wa uzamili kutoka ukanda wetu, na ICTP yenyewe, huko Trieste, Italia, ina mafunzo ya optiki ambayo watu wa nchi zetu huomba kuhudhuria.

Kwa mikono, maabara ya kemia ya chuo inaweza kutengeneza opali, fuwele ya fotoni inayojipanga yenyewe. Njia ya Stöber ya 1968 huhitaji ethanoli, amonia, maji na kemikali ya silikoni. Inatoa vitufe vya silika vya nanomita mia mbili au tatu, ambavyo vikiachwa vitulie na kukauka polepole hujipanga vyenyewe na kuanza kuonyesha rangi.

Na kwa leo jioni, tafuta CD ya zamani. Mistari yake imeachana kwa mikromita 1.6. Zima taa za chumba, washa tochi ya simu, iinamishe CD hadi uone upinde wa rangi. Utaona buluu kali, kisha sehemu hafifu kabla ya kijani, kisha njano na nyekundu zilizotandaa. Tochi ya simu ni LED, na buluu ni ya kipande chake chenyewe. Zilizotandaa ni za unga wa njano uliopakwa juu yake, unaogeuza sehemu ya buluu kuwa rangi hizo.